Mama Rosine na Seva Tatu Zilizoulizana Majina

Baada ya miaka thelathini na mitano na miezi mitano ya utumishi, Bi. Capitoline Nzeyimana, ambaye ofisini tunamwita Mama Rosine, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Shirika letu la afya vijijini lilimwajiri tarehe 1 Februari 1990, akiwa binti wa miaka ishirini na mitano kutoka Mishamo, mwenye elimu ya darasa la saba na Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi ambayo hadi leo haijamtoka, wala hatutaki imtoke.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye redio ya upepo. Zahanati za Ugalla na Kabungu hazikuwa na simu, hivyo mgonjwa akizidiwa, muuguzi aliita Mpanda kwa redio, na Mama Rosine ndiye aliyeitikia. Alikuwa na utaratibu wake. Hakupokea ujumbe kabla ya kukuuliza jina lako na kukupa swali ambalo mtu wa kituo kile tu ndiye angeweza kulijibu: pampu ya kisima imeshapona? Jogoo wa mganga bado yupo au mmeshamla? Naye alidai aulizwe vilevile. Wakubwa waliona ni mbwembwe, mpaka siku mlevi mmoja alipokalia redio ya Kabungu na kuagiza gari la wagonjwa limfuate. Alipoulizwa habari za pampu, alizima redio mwenyewe.

Redio zilipopelekwa stoo mwaka 2014, wengi tulidhani naye atazifuata. Mhandisi kutoka Dar es Salaam alifunga seva tatu: moja hapa ofisini Majengo, Mpanda, moja Kabungu na moja Ugalla. Muuguzi anatuma ujumbe kwa simu, seva moja inaupokea, halafu zote tatu zinagawana kazi ya kuufikisha kwa dereva, ili mmoja wa mitambo ukizimika mingine iendelee. Zote zilitumia neno moja la siri, nalo liliandikwa kwenye kalenda ya ukutani, juu ya Jumapili ya Pasaka, asije mtu akalisahau. Mama Rosine aliitazama ile kalenda kwa muda, kisha akamuuliza mhandisi ni nani anayeihakikishia Kabungu kwamba anayeongea nayo ni Mpanda kweli. Mhandisi alicheka. Kesho yake alirudi hana kicheko, na safari yake ya kurudi Dar ikasogezwa mbele siku tatu.

Siku hizo tatu ndizo zilizomfanya Mama Rosine kuwa fundi. Akiwa na miaka arobaini na tisa, na kamusi ya Kiingereza mapajani, alijifunza kuipa kila seva cheti chake, kilichotiwa saini na ofisi yetu wenyewe. Seva mbili zikikutana, kila moja inaonyesha cheti na kukagua cha mwenzake. Zikiridhika, zinaanza kuongea kwa maandishi yaliyofichwa. Isiyo na cheti inaachwa mlangoni. Vyeti vilibadilishwa kila Agosti, seva moja kwa siku, na siku ya tatu tulikula mihogo ya kuchemsha na asali ya Ugalla aliyokuja nayo mwenyewe. Elimu haina mwisho, tunasema hivyo kila mara. Mimi nimemwona mtu aliyeiishi.

Jarida letu lina desturi kwamba mwandishi asijitie kwenye wasifu wa mwenzake. Naomba radhi, leo naivunja. Ofisi ya utumishi ilinipa jalada la Mama Rosine ili niandike haya, na ndani yake, katika miaka yote hiyo, nimekuta barua moja tu ya onyo. Ni ya Machi 2021, na ndiyo iliyomkosesha ukuu wa kitengo. Wapo wanaoikumbuka mpaka leo, na wengine huitaja pembeni. Nataka aondoke hapa mkijua ilivyokuwa.

Wiki ile alikuwa msibani, amemzika dada yake. Mimi, Ezekia Malale, nilibaki zamu peke yangu. Mvua zilikuwa zimefunika jua siku nyingi, betri za sola za Ugalla zikafa, na seva ya kule ilipowaka tena, saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Ikavitazama vyeti vya wenzake ikaona muda wa vyeti hivyo kutumika haujaanza, ikavikataa. Dawa ilikuwa kusahihisha saa, kazi ya dakika tano. Mimi sikuangalia saa. Nilizima ukaguzi wa vyeti kwenye seva zote, ujumbe ukaanza kupita, nikajinunulia soda kwa kujipongeza.

Chumba cha mafunzo cha Kabungu kilikuwa na seva kuukuu ya mazoezi, ambayo kila siku ilijaribu kuungana na zetu na kila siku ilikataliwa. Siku ile ikakubaliwa, ikaanza kupewa fungu lake la ujumbe, na hakuna aliyekuwa akiusoma. Jumamosi muuguzi Natalia wa Ugalla aliomba gari kwa ajili ya Minza, mama aliyekuwa akivuja damu katika uchungu. Simu ilimwambia ujumbe umepokelewa. Alisubiri kwa saa mbili nzima, kisha akapanda kichuguu kutafuta mtandao na kumpigia dereva mwenyewe. Minza alilala wodini siku kumi na moja. Yeye na mtoto wake wapo, Mungu asifiwe.

Mama Rosine alirudi Jumatatu, akaiona seva ya nne kwenye orodha kabla hajavua kitenge cha msiba. Hakufoka. Aliniuliza tu kama kwetu Usukumani mtu huingiza ng'ombe zizini bila kuwatazama. Kisha akasema, "Nyie bado mna watoto wa kusomesha. Nyamaza." Katika taarifa aliandika kwamba ukaguzi ulizimwa kwa uzembe wa msimamizi wa seva. Msimamizi alikuwa yeye. Kila siku alinipitia, tukampelekea Minza uji, na huko ndiko alikonilazimisha kumwambia ukweli wote. Minza alinisamehe. Ofisi haikuambiwa, na mimi nikanyamaza miaka minne, kwa woga kuliko kwa utii.

Asubuhi hii nimempelekea mkurugenzi maelezo yangu yenye saini, nikiomba ile barua itoke kwenye jalada la Capitoline Nzeyimana iwekwe kwenye langu. Lolote litakaloamuliwa, nitalipokea. Wanangu wameshakua.

Mama Rosine, najua unayasoma haya kwa mara ya kwanza, na kwamba usingeniruhusu. Niwie radhi. Kwa niaba ya wauguzi, madereva na mafundi wote, asante kwa kila gari lililofika kwa sababu ulikuwa makini. Nenda kwa amani, upumzike na wajukuu, afya njema iwe nawe. Unatoka hapa na jina safi, mama, na lilikuwa safi siku zote.