Irmtraud Oelkers na Maikrofoni Zilizokwaruza

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa Celle katika baridi hii, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mpendwa wetu Irmtraud Oelkers, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapahapa mjini, mtoto wa pili wa fundi redio Heinrich Wehmeyer na mkewe Adele.

Alisoma hapa hadi sekondari, kisha akaenda Braunschweig, akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1963, mwanamke pekee darasani, na Septemba mwaka huohuo akaajiriwa na kiwanda kimoja cha Hannover kubuni saketi za maikrofoni za valvu, zile zenye taa ndogo ya kioo inayokuza sauti, pamoja na amplifaya zake.

Mei 1966 maikrofoni mpya alizozibuni zilikuwa tayari kwenda kituo cha redio, zikaanza kukwaruza kila hewa ilipokuwa na unyevu, mkurugenzi akataka ziende hivyohivyo, naye Irmtraud akasimama mlangoni mwa stoo akasema hazitoki, "Mtangazaji akisikika kama anakaanga vitunguu, nitakayechekwa ni mimi."

Alipozifungua alikuta mafuta ya vidole kwenye kiungo kimoja, mahali ambapo umeme ni mdogo mno hata uchafu usioonekana huuvujisha, akamwendea msimamizi wa uunganishaji, Detlef Oelkers, akamwambia mbele ya watu, "Bwana Oelkers, watu wako wanashika pasiposhikwa." Detlef, ambaye hakuwa amezoea kurudishiwa kazi, aliwaka, akamsogezea kiti na kumpa chuma cha kulehemu, "Haya, Bi Mhandisi, unganisha wewe bila kugusa hapo, tuone." Irmtraud alijaribu, akajaribu tena, kidole kikapita palepale, akaangua kicheko, "Basi tumekosea wote, mimi nimechora vibaya na ninyi mmeshika vibaya." Akahamisha kiungo, Detlef akawavisha watu wake glavu na kuzisafisha maikrofoni zote kwa spiriti, mzigo ukachelewa, mkurugenzi akanuna, lakini hakuna hata moja iliyorudishwa.

Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 1967 katika kanisa hili, wakajaliwa Almut mwaka 1969 na Gerold mwaka 1972, na kiwanda kilipoachana na valvu, mwaka 1976, wakafungua karakana yao hapa Celle, yeye akichora, Detlef akiunganisha, wakibishana kila asubuhi kwenye kahawa, wala hakuna aliyeuza kitu ambacho mwenzake hajakisikiliza, hadi Detlef alipotutoka mwaka 2009.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2017, akalazwa Januari mwaka huu wa 2019, na siku moja Gerold, anayeendesha karakana sasa, akampelekea amplifaya mpya, mama akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu kimya cha amplifaya, kama kina mkwaruzo, akasema, "Hii iuze, mwanangu," neno ambalo Gerold hakuwahi kuambiwa bila kwanza kurudishwa kwenye meza ya kazi. Alifariki tarehe 9 Februari, Almut akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliotuokea keki za siagi zinazotusubiri ukumbini, na wafanyakazi wa karakana, ambao leo wamefunga kazi wote kuja kumsindikiza.

Mama Irmtraud, kazi yako tumeipokea, nawe upumzike kwa amani.