Kigari cha Bati chenye Kibanda

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu, na amani iwe kwenu nyote mlioacha kazi zenu mkaja kusikiliza. Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Riziki, mshonaji, nakaa hapa Kasongo nyuma ya soko. Mmeona vigari vya reli vya bati vilivyopangwa kwenye dirisha langu, na nimesikia mkiulizana mama mzima anafanya nini na michezo ya watoto. Leo nitawajibu, kwa sababu Mungu alitumia vigari hivyo kunitoa mahali ambapo sikuweza kujitoa mwenyewe.

Nilizaliwa Kabambare. Mama yangu yuko kule mpaka leo. Nilipoolewa, mimi na mume wangu tulienda Salamabila kuuza vitenge kwa wachimbaji wa dhahabu, na biashara ilikwenda vizuri. Asubuhi moja risasi zikalia. Kila mtu alikimbilia upande wake. Mimi nilishika njia pamoja na majirani, na mbele kidogo watu wenye bunduki wakatusimamisha, wakatulaza kifudifudi kando ya barabara. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba tulipoambiwa tusimame, mama aliyelala karibu nami hakusimama.

Nilifika Kasongo kwa miguu. Mume wangu alinikuta baadaye, mzima, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini woga ulikuja nami na ukakaa. Nikisikia pikipiki inakuja kwa mbio, nilikimbilia ndani nikafunga mlango. Soko liko karibu kiasi kwamba nawasikia wauza samaki wakibishana, lakini kulifikia sikuweza. Mume wangu ndiye aliyenunua unga, sabuni, hata nyuzi za kushonea, na mara nyingi alileta rangi zisizofanana na nguo za watu. Wateja walinifuata barazani. Miaka ilipita nikiwa ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba yetu, sitoki nje ya ua wa mianzi. Ninyi wenyewe mlikuja kuniombea nyumbani. Mchungaji aliniwekea mikono, tukafunga, tukakemea roho ya woga. Nilisema amina kwa moyo wote, na kesho yake nilifika kwenye mlango wa ua nikarudi ndani.

Kilichoniuma zaidi ni mama. Kaka yangu alipiga simu kutoka Kabambare akaniambia macho ya mama yanazidi kufifia. "Anataka kukuona sasa," alisema, "wakati angali anaona." Nilifunga nguo zangu kwenye kitenge. Nilizifungua. Nilizifunga tena wiki iliyofuata. Mwishowe mama mwenyewe alichukua simu akasema, "Acha kujitesa, mwanangu. Sauti yako inanitosha." Nililia siku ile kwa sababu nilijua haimtoshi.

Basi, ndugu zangu, sikilizeni namna Mungu alivyofanya.

Jirani yangu Mama Zaina, Mwislamu, mtu mwema sana, aliniletea gauni la kupunguza. Pini zake alikuwa amezitia ndani ya kitu cha bati chenye urefu kama wa kiganja. Nilikitazama. Kilikuwa kigari cha treni, kile cha kubebea mizigo, kidogo, cha zamani, rangi yake nyekundu imebabuka. Kilikuwa na magurudumu manne. Mlango wake wa ubavuni uliteleza ukafunguka, ukateleza ukafungwa.

"Hii ni kitu gani?" nilimwuliza.

"Iko kasanduku ya pini," alisema Mama Zaina. "Bibi yangu alikuwa anatiamo chumvi."

"Bibi aliitoa wapi?"

"Sijui. Nitajuaje?" Akacheka. "Chukua, basi, weye unaitazama kuliko gauni yangu."

Alipoondoka nilimwaga pini mezani nikakichunguza. Mbele kilikuwa na ndoano ndogo, na nyuma pia. Nikawaza: ndoano hizi mbili zilishika nini? Ikiwa kimoja kilifika kwa bibi ya Mama Zaina, vingine vilifika kwa nani? Siku nzima nilishona nikiwaza hivyo. Kulipokaribia magharibi nilikuwa nimesimama kwenye baraza la Mama Zaina, nimevuka njia, sindano bado iko kifuani kwenye blauzi, nikimwomba anipeleke kwa shangazi yake anayejua habari za zamani. Nilipotambua mahali niliposimama, niligeuka nirudi nyumbani. Mama Zaina alinishika mikono, tukaenda.

Shangazi alitueleza kwamba zamani za pamba kulikuwa na Mzungu aliyenunua pamba ya watu, na mtoto wake alikuwa na treni ya kuchezea. Waliondoka kwa haraka wakati wa vurugu na vitu vyao vikatawanyika. Kila aliyepita nyumba ile alichukua kilichomfaa.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta. Kigari chenye tangi nilikikuta kwa muuza mawese, anapimia mafuta yake. Kilicho wazi juu kilikuwa kwa fundi baiskeli, kimejaa gololi zake. Kingine, bapa kama ubao, kilikuwa kimewekwa chini ya mguu wa kabati la mama mmoja karibu na msikiti ili kabati lisiyumbe. Nilimshonea kitambaa cha meza, nikamchongea kipande cha mti badala yake. Nyumba hizo zote nilikwenda kwa miguu yangu. Sisemi kwamba woga ulikuwa umekwisha. Nilitembea nao. Lakini kila mara nilitaka kujua jambo fulani: kwa nini kigari hiki kina vigingi pembeni? Tangi linafunguliwa wapi? Yale maandishi madogo ubavuni yanasema nini? Na jambo lile lilikuwa mbele kidogo tu, nyumba moja zaidi, kona moja zaidi. Jumapili moja mliniona nimeingia kanisani. Mlifikiri nimekuja kwa sababu ya maombi, na ni kweli, ila pia nilikuwa natoka kwa mzee mmoja anayekaa kona ile karibu na kanisa, nina kigari ndani ya mkoba.

Nilimsimulia kaka yangu kwa simu. Akasema, "Dada, vigari kama hivyo viko na huku. Kwa Mama Anastasia, yule baba yake alikuwa karani wa pamba. Lakini chake kina kanyumba."

"Kanyumba namna gani?"

"Kanyumba tu. Juu, kwenye mwisho wa gari. Kana mlango na ngazi."

"Kigari cha mizigo kitafanya nini na nyumba?"

"Sijui. Njoo uangalie."

Simu yake haikuwa na kamera. Niliwauliza watu wa hapa, hakuna aliyejua. Mmoja alisema ni ya mlinzi wa mizigo, mwingine akasema ni choo. Jambo hilo halikuniachia. Nilikuwa nakata kitambaa nikiwaza kanyumba. Niliombea chakula nikiwaza kanyumba. Mwishowe mume wangu aliniuliza, "Sasa unataka nini?" Nikasikia kinywa changu kinasema, "Nataka kwenda Kabambare."

Hakucheka. Alikwenda kumwita Saidi, dereva wa pikipiki anayeijua njia ile kila shimo lake.

Nilichukua vigari viwili, chenye mlango na chenye tangi, nione kama ndoano zitashikana na cha Mama Anastasia. Nilivifunga katika kitenge ndani ya kisanduku nikakipakata. Tulipita matope, tulisukuma pikipiki milimani, tulivuka vijito juu ya magogo. Nilifumba macho sehemu nyingi. Saidi aliimba njia nzima, nadhani aliimba kwa ajili yangu.

Kisha, mbele yetu, mti ukalazwa barabarani na watu wenye bunduki wakasimama. Kama walikuwa askari au watu wa msituni sijui, nguo zao zilikuwa za mchanganyiko. Saidi alizima pikipiki. Mkubwa wao alikuja moja kwa moja kwangu.

"Ndani ya kisanduku munabeba nini?"

Nilikuwa nimerudi kifudifudi kando ya barabara ile ya zamani. Nilisikia harufu ya udongo wake.

Akakichukua kisanduku, akafungua kitenge. Akakitoa kigari chekundu, akakigeuza. Kidole chake kilisukuma mlango. Ukateleza. Akaufunga, akaufungua tena. Akasogeza uso karibu.

"Hii mulango inashikwa na nini? Sioni bawaba."

Ndugu zangu, swali lile nililijua. Nililijua kuliko mtu yeyote Kasongo. "Kuna mfereji mdogo chini na mwingine juu," nilisema. "Tazama hapa. Bati limekunjwa."

"Aa. Na inabeba nini?"

"Pamba, nafikiri. Hiyo ingine inabeba mafuta."

"Mashine ya kuvuta iko wapi?"

"Bado sijaiona. Natafuta."

"Sasa inavutwa na nini?"

"Na kidole," nilisema.

Alikiweka kigari juu ya kiti cha pikipiki, akakisukuma polepole mpaka mwisho wa kiti, akakidaka kisianguke. Wenzake walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza maandishi yanasema nini, nikamsomea: ni uzito wa mzigo. Mwishowe mkubwa wao alikifunga yeye mwenyewe ndani ya kitenge, vizuri, akanirudishia. "Pita, mama. Ukiona ile mashine, utanielezea."

Tulipokwenda mbele Saidi aliacha kuimba. "Mama Riziki," alisema, "weye ulikuwa unaongea na ule mutu kama mwalimu." Ndipo nilipolia. Nililia kwa muda mrefu nimeegemea mgongo wake, na sikuwa na huzuni.

Tulifika Kabambare jua likiwa bado juu. Mama alikuwa ameketi mlangoni, anachambua maharagwe kwa vidole. Aliposikia sauti yangu alisimama, maharagwe yakamwagika. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, akausogeza karibu sana na wake, akanitazama sehemu moja moja: paji, jicho, jicho, mdomo. "Umezeeka," alisema. "Vizuri. Nimekuona."

Kaka yangu, ambaye hawezi kuficha kitu, akasema, "Amekuja kuangalia kigari cha Mama Anastasia."

Mama akaniuliza, "Ulikuja juu ya kuangalia kigari ao juu ya kuniona mimi?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi kigari kitangoja. Kula kwanza."

Kesho yake Mama Anastasia alikuja nacho mwenyewe, akakiweka mkononi mwangu. Kaka hakukosea. Mwishoni mwa kigari kulikuwa na kibanda kidogo, chenye ngazi na kidirisha, na ndani yake kiti chembamba na gurudumu dogo la kuzungusha. Nilitazama, nilitazama tena. Sikuelewa. Mama Anastasia naye hakujua, alitia rozari yake mule tu.

"Nipe niguse," alisema mama.

Alipitisha vidole kwenye ngazi, kwenye kidirisha, akaingiza ncha ya kidole kidogo mpaka kwenye kile kiti.

"Hii ni mahali pa mutu wa breki," alisema. "Baba yangu alikaa ndani ya kama hii."

Sikuwahi kujua, ndugu zangu. Tulikuwa tumeambiwa tu kwamba babu alifanya kazi kwa Wazungu ng'ambo ya Lualaba. Mama alieleza kwamba treni ya mizigo ilipoteremka mlima, dereva alipiga filimbi, na watu wa breki waliokaa mmoja mmoja kwenye vibanda hivyo walizungusha gurudumu kwa nguvu zote, mvua inapiga, gari linatikisika. Wangechelewa, treni ingeanguka.

"Babu hakuogopa?" niliuliza.

"Aliogopa kila safari," alisema mama. "Alituambia hivyo. Ile kazi ni ya mutu mwenye kuogopa. Asiyeogopa atachelewa kufunga breki."

Nilikaa chini pale pale. Miaka yote nilidhani kwamba woga wangu ni mnyororo wa shetani tu, na kwamba Mungu ataniweka huru siku ambayo sitaogopa kitu. Kumbe nilitoka kwa mtu aliyeogopa na akapanda tena kesho yake. Na Mungu, aliyejua kwamba jibu liko kinywani mwa mama yangu, aliweka swali ndani ya moyo wangu huku Kasongo, akanivuta nalo taratibu mpaka miguuni pa mama. Mama angali ananiona. Mashine ya kuvuta mtakayoniuliza, bado sijaipata.

Mama Anastasia alikataa kunipa kigari chake. Ndoano zilishikana vizuri, nilimsihi, akasema hapana, ni cha baba yake, nikitaka kukiangalia nije. Mwanzoni nilikasirika. Sasa namshukuru, kwa sababu tangu siku ile nimekwenda mara nyingi. Nakaa na mama, tunakwenda pamoja kwa Mama Anastasia, mama anashika kibanda na kunisimulia kituo kingine, mzigo mwingine.

Namshukuru Mungu aliye hai. Nawashukuru ninyi mlioniombea, Mama Zaina aliyenishika mikono, na mume wangu ambaye hakucheka. Siwaambii mkusanye vigari. Nawaambia tu kwamba Bwana anajua kitu gani kitakutoa wewe nyumbani, hata kama ni kidogo na watu wanakishangaa. Mwamini. Usingoje mpaka magoti yako yaache kutetemeka.

Jumamosi naondoka tena kwenda Kabambare. Kama kuna mtu hapa mwenye mama, au mtoto, au kaburi kule, na njia inamtisha, anifuate baada ya ibada. Nimeshaongea na Saidi. Mimi nitakaa katikati, wewe utakaa nyuma, na ukiogopa utanishika.