Betri Moja Nzima, Moja Mfu

Apa kwanza kwamba hili halitoki mdomoni mwako. Mimi nilimwapia Asnath, nikamwapia na dada yake, na sasa unaona nakusimulia, basi kiapo kilichobaki ni chako. Ilikuwa Misigiri, mwaka tisini na tisa, kwenye benchi la Asnath muuza kahawa, pale malori yanapopumzika. Zamani benchi lile lilikuwa na redio moja na masikio ya kijiji kizima. Taarifa ya habari ikiisha redio inazimwa, watu wanabishana mpaka kahawa inapoa vikombeni. Halafu likaja soko huria, kila mwenye alizeti akajinunulia kiredio chake, na ng'ambo ya barabara Paulo mwenye duka akaanza kupiga kaseti za muziki. Asnath akabaki na wateja watatu.

Na redio yake nayo ilikuwa inamfia. Jumamosi anatia betri mbili mpya, Jumatatu sauti ni ya mgonjwa. Akifungua anakuta moja mpya na moja kuukuu, ina alama za meno ya mtu aliyeing'ata ipate nguvu. Alishaamua moyoni: za wiki hii zikifa, anafunga benchi, anahamia Mitundu kwa binti yake Scola.

Jumatatu hiyo redio ikasema wataalamu wamerusha darubini angani itazame nyota zinazoishi mbili mbili. Moja imeshakufa, imesinyaa ikawa upana wake hauzidi mwendo wa Misigiri hadi Kiomboi, ila ni nzito kuliko jua, na inamnyonya mwenzake. Kinachonyonywa kinaungua, kinatoa eksirei. Hapo hapo redio ikafifia.

Akadakia Gasto, waliyemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia chumba cha picha za eksirei hospitalini.

— Mume amekufa, bado anamla mkewe. Ndiyo haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo haiko mahali pake, akasema Yeremia, dereva mstaafu, jina la benchi Breki. Hapo ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyota za zamani zilikuwa na adabu. Soko huria limefika mpaka huko.

Asnath hakucheka.

— Basi hata redio yangu ina mfu anayemnyonya mwenzake. Ijumaa mtanisindikiza kituoni. Nahamia Mitundu.

Peniel, yaani Profesa, akashusha kikombe. Huyu alikuwa na jibu la kila jambo, na koti zito la mtumba halivui hata jua liwake vipi. Ndiye aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba redio zimewaziba watu midomo.

— Unahama kweli, mama Scola?

— Nahama.

Daktari alikuwa mbali na hayo. Akaeleza kwamba eksirei haijui nguo. Aliona kwa macho yake mtu aliyemeza ufunguo, na ufunguo ukang'aa tumboni mweupe pee. Kwa hiyo darubini ile ikipita juu ya Misigiri inaona kila chuma kilichofichwa mfukoni. Breki akasema basi itaiona hata risasi ya vita vya Kagera iliyobaki gotini mwake, goti ambalo sisi wengine tunajua aliliumiza kwa kuanguka na baiskeli. Profesa akaushika mfuko wa koti, akaanza kusogea taratibu kuelekea redio.

Ndipo akashuka kwenye basi Sara, mwalimu mgeni. Akaamkia, akapewa kahawa, akasikiliza kidogo.

— Samahani, wazee wangu. Redio ya basi imesema darubini imepelekwa juu kwa sababu hewa inazizuia eksirei. Sasa itawaonaje nyinyi huku chini?

Daktari akamtazama Breki. Kisha wote, kama kawaida yao, wakamgeukia Profesa awajibie.

Profesa alikuwa amewapa mgongo. Mpira wa baiskeli unaofunga redio ulining'inia kwenye kidole gumba, mkono wa kulia ulikuwa ndani ya redio mpaka kifundo, na kushoto ameshika betri kuukuu yenye alama za meno. Betri mpya, ile iliyokuwa mfukoni mwa koti lake, ikarudi mahali pake, redio ikanguruma hadi Paulo akachungulia dirishani.

— Nilitaka tuongee tu, Profesa akasema. Kama zamani.

Lakini redio ilikuwa imepata nguvu, ikamfunika. Aliyemsikia ni Asnath peke yake, na ndiye aliyekuja kuniapisha.