Nilikwenda Bila Isale

Asifiwe Bwana anayemsikia hata mtu anayemwomba huku akisaga meno! Ndugu zangu, mwalimu wetu amenitaka niseme kwa upole. Nitajaribu. Lakini hasira ninayo, na siwezi kusimama mbele ya Mungu nikajifanya sina.

Mnanijua, kwetu ni Akeri, kwenye mfereji wa juu. Mimi na mama yake Namnyaki tulishindwana, akarudi kwa baba yake kule Poli na mtoto wetu mgongoni. Wazee wakakaa, wakaamua kila asubuhi nipeleke kibuyu cha maziwa ya mtoto, mpaka atakapoweza kuchunga mbuzi. Nikishindwa, ahesabiwe wa ukoo wa babu yake, nami nisimwite binti yangu tena. Sikubishana. Mtoto lazima anywe, na baba yake ni mimi. Kila asubuhi niliteremka na kibuyu, nikakiweka migombani kwa wakwe, nikarudi.

Ndipo akaja yule mlowezi wa Kijerumani. Akaweka mawe ya mpaka kwenye malisho yetu ya chini, mahali alipochungia babu yangu. Ng'ombe wangu walipovuka, askari wakawaswaga wote mpaka Arusha. Wote, ndugu zangu! Hata yule mwekundu ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomkuza mwanangu. Ng'ombe atajuaje jiwe la Mjerumani? Nyasi alizozikuta tangu anazaliwa, leo azile aitwe mwizi? Niliwafuata mpaka bomani, nikafukuzwa kwa kiboko, nao wakapewa mlowezi. Alama ninazo mgongoni.

Basi nikaenda kuomba nipunguziwe. Sikuomba kuachiwa, msinielewe vibaya. Niliomba badala ya maziwa nipeleke ndizi, na nimlimie baba mkwe shamba lake mpaka nipate ng'ombe mwingine. Tulikaa kwa jumbe, mtu aliyewekwa na Wajerumani, naye hakuweka chini kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Sasa nisikilizeni. Kwetu Meru, anayeomba huruma huja na jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani, na ukiletewa isale huwezi kukataa. Hata mtoto mdogo anajua hilo. Lakini mimi nilikuwa darasa la ubatizo, na mwalimu alituambia isale ni la kipagani, tuling'oe hata mipakani. Nikaling'oa. Nikaenda mikono mitupu.

Baba mkwe hakuniangalia uso, aliangalia mikono. Akasema, "Anayeomba huja na isale. Huyu amekuja kutuamuru."

Nikaeleza mambo ya darasa. Jumbe akacheka mpaka mbege ikammwagikia. "Basi mwambie huyo Mungu wako akukamulie," akasema. Akahukumu kwamba mwezi mwingine ukiandama bila maziwa, mtoto si wangu.

Ndugu zangu, nilitoka pale na hasira yangu. Kesho yake nilifunga sime chini ya shuka nikateremka Poli. Nilichokusudia Mungu anakijua, na ninyi si watoto. Njiani niliomba, ila haikuwa sala ya kanisani. Nilimwambia Bwana, "Umenitaka niache isale, nimeacha. Sasa simama wewe uniombee. Hutaki, niachie sime yangu."

Kwenye kivuko cha mfereji nikamkuta mama mkwe. Mnajua desturi, mtu hakutani na mama mkwe wake njiani, mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Mama yule hakuingia. Alisimama katikati ya njia, uso ameugeuza pembeni, Namnyaki mgongoni, isale mkononi.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiokota kibuyu chako," akasema. "Hakikukosekana hata siku ya mvua ya mawe. Leo nitaomba mimi. Nifuate kwa mbali."

Akatangulia. Nikiwa nje ya ua nilimwona akipiga magoti mbele ya mume wake na kumpa lile jani. Mzee alilitazama jani, akamtazama mkewe. Kisha akalipokea. Akasema nilete ndizi, nilime, na mtoto abaki kuwa wangu. Nikaitwa ndani, nikawekewa Namnyaki mikononi. Mkono wake mdogo ukaingia chini ya shuka, ukashika mpini wa sime, akaanza kuuchezea. Niliona aibu, jamani. Nililia mbele ya wakwe.

Bwana aliniokoa siku ile, nasema wazi, maana leo ningekuwa muuaji. Ng'ombe wangu hawajarudi. Mlowezi bado anakunywa maziwa yao, na nikipita pale hasira inanipanda upya. Niombeeni. Nawe mwalimu, nakuheshimu, ila isale nimelipanda tena mpakani. Ukitaka kuling'oa, anza kuzungumza na mama mkwe wangu.

Na wewe uliyekaa humu leo na kitu chini ya shuka, mwambie Bwana hasira yako yote. Hakimbii ukali wa mtu. Kisha tazama njia vizuri, usije ukampita yule aliyetumwa kwako.

Nashukuru, ndugu zangu. Leo kuna mtoto anabatizwa. Namnyaki, simama wakuone. Huyu ni binti yangu.