Siku Mdogo Wangu Alipopiga Kengele ya Shamba

Siku ile, kwenye shamba la mahindi kule Kitale, tulikuwepo sisi: mimi, mdogo wangu, nyapara, mzungu mwenye shamba, na vibarua wenzetu waliokuwa wakivuna. Majina nayaacha.

Wazazi walipokufa niliacha shule nikamlea mdogo wangu. Alikuwa kijana mtulivu. Halafu akaacha kulala. Akaniambia, "Dada, hii shamba yote mpaka mlimani ni yangu. Mzungu ni mlinzi tu."

"Wewe yatima, huna hata kuku!" nikamjibu. Ndugu zangu, kila tulipobishana alizidi kushikilia, na mimi nikawa adui.

Vibarua nao walimpigia saluti. "Bwana Mkubwa, leo si utuongezee posho?"

"Nitaongeza," aliwajibu. Wao walicheka. Yeye hakucheka. Na mzungu alikuwa ameanza kumtazama.

Nyapara aliniita kando. "Usimbishie, wala usimkubalie. Muulize kama amekula. Nilikuwa na kaka namna hiyo." Sikuuliza kaka yake alifia wapi.

Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli, na nyapara peke yake ndiye aliyeipiga. Ikilia, kibarua haulizi; anatua gunia anakwenda nyumbani. Asubuhi ile mdogo wangu alichukua chuma cha kuigongea, akaipiga. Shamba zima likanyamaza, watu wakaanza kuondoka. Mzungu akadhani ni mgomo. Akatoka na bunduki.

"Nani amepiga?"

Mdogo wangu akafungua kinywa. Nyapara akamtangulia: "Ni mimi, bwana. Nimekosea saa."

Bunduki haikushuka. Nikamsogelea mdogo wangu polepole. Sikumwambia ni mgonjwa. Nikasema, "Nimechoka, ndugu yangu. Nisindikize nyumbani."

Akanitazama sana. "Dada hawezi kwenda peke yake," akasema, akaweka chuma chini. Tukatembea, migongo yetu kwa bunduki. Sikugeuka.

Nyapara alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Tulirudi Bokoli kwa shangazi. Namshukuru yeye, na ninyi majirani mlioketi na mdogo wangu bila kumcheka. Sasa analala, analima. Siku nyingine mlima bado ni wake. Namuuliza kama amekula, tunaendelea kupalilia. Mkiwa na mtu kama huyu nyumbani, msimpigie saluti, na msimvunje. Kaeni karibu.

Nyapara yuko Sirisia, analima mashamba ya watu. Kila msimu tunakwenda kumpalilia shamba lake mwenyewe. Hutuambia, "Basi, yatosha."

Haijatosha.