Nusu ya Nini? Kumuaga Mhasibu Aliyetupima

Ijumaa hii jioni mhasibu wetu mkuu anakabidhi funguo na kustaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Humu ndani tunamwita Mzee Nusu, na wapo waliofanya naye kazi muda mrefu bila kulijua jina lililo kwenye kitambulisho chake. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mnisamehe, maana chumba cha hesabu kimebaki na watu wawili tu, yeye na mimi, na sote tumechoka.

Alipoajiriwa, kampuni ilikuwa imepanga ghorofa tatu na watu walikuwa wanagombania viti. Sasa viti vinatugombania sisi. Biashara ilipoanza kusinyaa, kampuni ikawa inamrudishia mwenye jengo nafasi kidogo kidogo, huku mkataba wa pango ukiwa haujafika hata nusu ya safari. Kila nafasi iliporudishwa, kazi ya hesabu ilimwangukia yeye.

Kwa wasioijua kazi hiyo, nieleze kwa ufupi. Kampuni ikipanga jengo kwa miaka mingi, vitabu vyake hubeba vitu viwili: haki ya kulitumia jengo, na deni la kodi ambayo bado haijalipwa. Ukirudisha sehemu ya nafasi katikati ya mkataba, unapunguza haki kwa kadiri ya nafasi iliyoondoka, na deni vilevile. Viwili hivyo havipungui kwa mwendo mmoja, kwa hiyo tofauti yake huingia kwenye faida au hasara. Ukisimuliwa unaona ni mteremko. Mlima uko kwenye kujua ni nafasi kiasi gani iliyoondoka.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina lake. Mara ya kwanza, mkurugenzi na mwenye jengo walipeana mikono kwamba turudishe nusu ya ghorofa ya juu, na kodi ya ghorofa hiyo ishuke kwa nusu. Fundi akaja kujenga ukuta wa mbao, akauliza nusu iko wapi. Hakuna aliyekuwa na muda naye. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na kikombe cha chai akamwambia ahesabu madirisha, agawe pasu kwa pasu. Fundi akahesabu, akagawa, ukuta ukasimama, na sisi tukaandika nusu vitabuni tukaenda zetu.

Mzee alipita pale, akasimama, akauliza swali ambalo limemfuata mpaka leo: nusu ya nini? Akatoa futikamba mfukoni, akanishikisha ncha moja. Madirisha ya upande wa barabara yalikuwa yamesongamana na ya upande wetu yalikuwa yameachana, kwa hiyo tulichorudisha kilikuwa sehemu mbili tu kati ya tano. Tulikuwa tumepima jengo kwa madirisha, na sidhani kama kuna ofisi nyingine duniani iliyowahi kufanya hivyo.

Ubaya ni kwamba kwa hesabu ya nusu, vitabu vilionyesha faida nono, na mkurugenzi alikwisha kuitangaza kwa wakubwa wake. Mzee akamweleza kwa upole kwamba inayopaswa kuonyeshwa ni faida ya sehemu mbili kati ya tano. Punguzo la kodi lililozidi hapo, mwenye jengo alikuwa ametupa kwa hiari yake kwa sababu alipata upande wa barabara, na hilo linashusha thamani ya haki yetu kwa miaka iliyobaki. Si faida ya leo. Mkurugenzi alinuna. Kwa muda mrefu salamu zao zilikuwa za kichwa tu, na wenzetu waliokuwa wakinong'ona kuhusu bahasha ya bonasi ya mwisho wa mwaka walimlaumu mzee kana kwamba amewanyang'anya mkononi. Hakubishana na mtu. Alisahihisha hesabu, akawa anakunywa chai yake peke yake, na wakaguzi walipokuja hawakupata pa kushika.

Jambo la pili alilotufundisha ni siku. Sisi tulidhani hesabu hubadilika siku ya kubeba meza. Yeye akasema hubadilika tangu siku mlipokubaliana, maana mkataba haubebi meza. Kauli hiyo tuliitania sana, mpaka watu wakawa wanaiandika kwenye kadi za harusi.

Sasa nije kwenye lililo moyoni. Mzee Nusu alitakiwa astaafu mwaka jana. Barua alipewa, keki tukala, hotuba zikasemwa. Mkewe, shemeji yetu, alikuwa amekwisha kununua viti viwili vya kukaa barazani jioni, kimoja chake na kimoja cha mumewe. Jumatatu yake kampuni ikaamua kurudisha ghorofa nyingine, na mzee akaombwa abaki mpaka hesabu zikae sawa. Akabaki. Tukamwita mstaafu wa majaribio, tukacheka, na kazi ikaendelea mwaka mzima. Shemeji alinipigia simu mara moja tu katika mwaka huo, hakulalamika, aliuliza kama nailoni iliyokifunika kile kiti cha pili tangu dukani aitoe au aiache.

Nafasi inayorudishwa safari hii ndiyo ya mwisho, na kipande cha chumba chetu kimo. Wiki iliyopita nilishika tena ncha ya futikamba. Tulipofika kwenye meza yake aliinama taratibu, akapima pembe aliyoikalia ujana wake wote, akasoma kipimo kwa sauti ileile ya siku zote, nami nikaandika. Nilishindwa kumtazama.

Tangazo la ofisi linasema chumba cha hesabu kinapungua kwa nusu. Nimelisoma, nikajikuta nauliza nusu ya nini. Kwa viti, ni kweli, kati ya viwili kinabaki kimoja.

Lakini mzee wetu, kanuni ni yako mwenyewe, na tukiifuata, wewe ulistaafu siku ile ya keki, siku tulipokubaliana. Jioni zote za mwaka huu hazikuwa zetu. Zilikuwa za mtu mwingine, nasi tumezikalia bila mkataba, na mimi nilijua nikanyamaza kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Shemeji, tunaomba radhi. Mzee, asante kwa kila ukuta uliotupimia. Nenda ukaishi vyema, maisha mazima safari hii, na uache futikamba hapa. Na ile nailoni, shemeji, itoe.