Maswali ya Nakhumicha, Majibu ya Eunice

Bi. Elsie Nakhumicha, fundi wa laini ya tatu, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kukitumikia kiwanda cha Olkeju Garments, Kitengela, kwa miaka ishirini na miwili na miezi saba. Ukiingia hapa ukauliza Bi. Elsie, utaonyeshwa mlango wa ofisi. Uliza Mama Melvin.

Hiram wa ofisi ya wafanyakazi ameniomba wasifu wa kuchangamsha, utakaochapishwa kwenye jarida letu na kwenye programu ya sherehe. Nitajaribu. Mimi ni Florence Musila wa mashine namba thelathini na moja, na nimekaa kando ya Mama Melvin miaka minne. Kabla yangu kiti hicho kilikuwa cha Eunice Metito, na huwezi kumwandika mmoja ukamwacha mwenzake. Tena kuna jambo halijaamuliwa bado: mizinga minne ya nyuki iliyoko Bisil, na kama Mama Melvin ataiendea au ataiacha. Hiram anadhani naandika kwa sababu ya keki. Naandika kwa sababu ya mizinga hiyo.

Alianza Aprili 2003 akikata nyuzi, kazi ya wageni wote. Baada ya miezi mitano akapewa mashine namba thelathini, na tangu siku hiyo amekuwa akipachika mifuko ya nyuma ya suruali za jeans. Kama kuna mtu huko ng'ambo amekalia pochi yake miaka kumi na mfuko haujang'oka, basi ajue wa kumshukuru. Alikuwa mfanyakazi bora mwaka 2009 na tena 2014. Mara ya kwanza alipewa blanketi, mara ya pili saa ya ukutani ambayo ilisimama kabla haijafika kwake Noonkopir. Mkali? Wacha tu. Gusa mkasi wake uone. Wasimamizi sita wamepita laini ya tatu, na wote walijifunza kuuomba kwa adabu.

Eunice aliletwa mashine thelathini na moja mwaka 2006. Alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Bisil, mrefu, mpole wa maneno, na akicheka mashine tatu zinasimama. Mama Melvin ni Mbukusu wa Bungoma. Walizoea kusalimiana kwa kubadilishana lugha: huyu wa Bungoma anasema "Sopa", yule wa Bisil anasema "Mulembe", halafu kila mmoja anawasha mashine yake.

Mwaka 2017 Melvin alimnunulia mamake simu ya kugusa, akamwonyesha podikasti, vile vipindi ambavyo mtu husikiliza saa anayotaka. Kimoja kiliwanasa. Kila wiki mtangazaji alimwalika mtu anayejua jambo fulani na kumuuliza maswali: kuoka, kufuga kuku, kutengeneza sabuni, kupiga plasta, afya, nyuki. Mama Melvin aliachia shule darasa la saba, na alikuwa akituambia kwamba hiyo simu ndiyo sekondari yake, na hakuna wa kumfukuza kwa kukosa karo.

Kanuni ya kiwanda inasema sikio moja lazima libaki wazi, ili usikie king'ora cha moto na umsikie msimamizi. Basi wakagawana earphone moja ya waya. Simu ilikaa kwenye aproni ya Mama Melvin, kipande cha kushoto kikawa chake, cha kulia kikawa cha Eunice. Sasa kipindi hicho kilikuwa kimerekodiwa kiajabu: sauti ya mtangazaji ilitoka upande wa kushoto peke yake, na ya mgeni upande wa kulia peke yake. Kwa hivyo Mama Melvin alisikia maswali tu, na Eunice alisikia majibu tu. Mtu mwingine angetafuta kipindi kingine. Hawa wawili waliona ni raha. Saa ya chakula Mama Melvin alifungua daftari lake, akanyoosha kalamu, akasema, "Niko na maswali. Uko na majibu?" Anasoma swali, Eunice anajibu, yeye anaandika, na sisi wanawake kumi na wanne wa meza ile tunasikiliza tukila githeri.

Kuna siku jibu lilipotea. Bedan, msimamizi wetu, alipokaribia, Eunice alikuwa akichomoa waya sikioni kwa heshima, na kwa woga pia. Akiurudisha, mgeni ameshasonga mbele. Eunice hakuwa mtu wa kubahatisha. Alisema tu, "Hapo Bedan alipita," na Mama Melvin akaandika hivyo hivyo daftarini. Ndiyo maana keki yao ya kwanza, iliyookwa kwa sufuria yenye mchanga juu ya jiko la makaa, ilikosa kile cha kuiinua ikalala chini kama chapati ya jana. Tuliimaliza yote. Bedan mwenyewe alikula vipande viwili, hajui kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Ya pili iliinuka, na tangu hapo hakuna mtu aliyestaafu laini ya tatu bila keki yao.

Lakini nyuki ndio waliowashika kabisa. Walisikiliza vipindi kumi na saba vya nyuki, kuanzia Juni 2020 hadi Januari iliyofuata. Parsaoti, mume wa Eunice, ana shamba lenye migunga nje kidogo ya Bisil, na aliwatundikia mizinga minne kwa waya ili nyegere wasiifikie. Mpango ulikuwa wazi: wakistaafu, wataenda huko wote wawili, wavae zile nguo nyeupe za wavu, na wasiamshwe tena na king'ora cha mtu yeyote.

Hapa ndipo uchangamfu unaniishia. Hiram anisamehe.

Februari 2020, kabla ya nyuki, mgeni wa kipindi alikuwa daktari. Saa ya chakula Mama Melvin alisoma swali: mtu akihisi uvimbe kwenye titi, angoje muda gani ndipo aende hospitali? Eunice alitafuna, akameza, akasema, "Amesema mara mingi ni homoni tu. Inaisha yenyewe." Mama Melvin akaandika. Sote tulisikia, na tukaendelea kula.

Eunice alikuwa na uvimbe tayari. Hakumwambia mtu. Baadaye Mama Melvin alimwona akijishika kwapa anapoinua furushi la suruali, akamuuliza mara mbili, na mara mbili akajibiwa, "Si ni ile daktari alisema? Itaisha." Alienda hospitali Aprili 2021, wakati mkono haukuinuka tena. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mifupa na ini. Tulimzika Bisil Jumamosi tarehe 14 Agosti, upepo ukitupa vumbi hadi ndani ya sahani za wageni.

Mama Melvin alirudi kazini Jumatatu. Kiti cha kando kilikuwa kitupu, na kile kipande cha kulia kilining'inia kwenye aproni yake. Siku ya tatu alikitia sikioni mwake. Alitaka tu kusikia alichokuwa akisikia mwenzake. Akachagua-chagua vipindi vya zamani, na Alhamisi akafika kwa daktari. Upande wa kulia daktari alikuwa anasema wiki mbili. Kama haujaisha kwa wiki mbili, nenda, usijiambie ni homoni, usingoje mpaka uanze kukuuma. Mashine thelathini ikanyamaza. Kazi ikarundikana nyuma yake, laini nzima ikakwama, na Bedan akaja mbio akifoka, mpaka alipouona uso wa Mama Melvin.

Saa ya chakula alipanda juu ya benchi, mwanamke wa miaka hamsini na sita na magoti yake yale. Akasema, "Mimi niliwaambia uongo kwa hii meza. Sikuutunga, lakini ni mimi niliandika. Daktari alisema wiki mbili. Mwenye ako na kitu, aende. Asiniulize, aende." Alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, na hakujipangusa mpaka alipomaliza.

Mimi nilikuwa nacho. Miezi mitano nilikuwa nimekaa nacho, nikijiambia ni homoni, kwa maneno yale yale ya Eunice. Tulikuwa tumeambiwa yeye aliuawa na ini, na mimi niliimba kwenye mazishi yake bila kujishuku. Ijumaa nikaenda hospitali. Nilipoteza titi moja na nywele zote, nywele zilirudi. Evalyne wa idara ya kukata naye alienda Ijumaa ile ile, lakini wake ulikuwa umeshaenea. Tulimzika Machi iliyofuata.

Kwa nini Eunice alificha? Watu wamesema woga, na woga ulikuwepo. Mimi nitaongeza jambo moja, na Hiram akitaka kulikata, alikate nikiwa nimesimama hapo. Siku hizo ukikosa kazi siku tatu, ulirudi ukakuta mtu mwingine ameketi mahali pako. Mashine haingoji mtu, ndivyo tulivyoambiwa. Eunice alilijua jibu, na alijua pia kinachokuja baada ya jibu.

Kwa hivyo hesabuni hili katika mafanikio ya Mama Melvin, juu ya blanketi na saa mbovu: barua iliyopelekwa ofisini Oktoba 2021, sahihi ya kwanza yake, ya pili ya Bedan, na chini yake sahihi za laini nzima. Tangu hapo mtu akienda hospitali, mashine yake inamngoja. Bedan alileta spika kutoka kwake nyumbani, na kila Jumatano saa ya chakula podikasti hupigwa kwa sauti ndani ya kantini, maswali na majibu pamoja, kila mtu asikie kwa masikio yake mawili. Wanawake wanne wameenda kupimwa kwa sababu ya Jumatano hizo.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, hajatia tena kile kipande cha kulia. Kwenye mashine husikiliza kwa sikio la kushoto, maswali matupu, siku nzima. Miaka minne nimemwona hivyo, na inauma kuangalia.

Mwezi Septemba aliniwekea daftari la nyuki mapajani. Alisema, "Chukua hii kitu, Florence. Mimi naenda Bungoma. Kama alinidanganya kwa mwili wake, kwa nyuki je? Nitajuaje?" Nikamwambia asikilize basi ajue. Akasema hawezi, kwamba akikuta uongo wa pili hatamlilia Eunice tena, na anataka kuendelea kumlilia. Parsaoti bado anapiga simu. Mizinga mitatu ina nyuki, wa nne ulibaki mtupu tangu ule ukame mkali, na anayesubiriwa huko anaogopa daftari lake mwenyewe.

Nikaenda na lile daftari nyumbani.

Mama Melvin, hapa naacha kuongea na kiwanda, naongea na wewe. Nimesikiliza vipindi vyote kumi na saba vya nyuki. Wiki sita, jikoni kwangu, sikio la kulia peke yake, daftari lako likiwa kando ya vitunguu. Kila jibu nimelilinganisha na mwandiko wako, neno kwa neno. Mlango wa mzinga usielekee upepo: ni kweli. Maji yawe karibu, na uweke vijiti ndani nyuki wasizame: ni kweli. Paka grisi kwenye waya siafu wasipande: ni kweli. Usivune yote, waachie ya kula: ni kweli, na yule mzee mgeni wa kipindi alilisema mara tatu, na Eunice alikwambia mara tatu. Hakuna hata jibu moja alilolipinda. Alikudanganya siku moja, juu ya kitu alichokiogopa. Siku nyingine zote alikuwa anakupa alichosikia, chote, na pale asiposikia alikwambia hakusikia.

Mapengo hayo daftarini ni mawili. La kwanza uliuliza: nyuki akikuuma, ufanye nini kwanza? Ukaandika, "Hapo Bedan alipita." Jibu ni hili: kwaruza mwiba kwa ukucha, usiufinye, kisha ondoka polepole, usikimbie. La pili uliuliza: mzinga ukibaki mtupu, ufanye nini? Bedan alipita hapo pia. Mwenyewe ameniambia nimwombee msamaha. Jibu: usiuteremshe. Usafishe, paka ndani nta kidogo ya zamani, uuache pale pale unapokaa. Watakuja wengine.

Nimeyaandika yote mawili kwa kalamu nyekundu. Daftari liko kwenye mfuko wa zawadi, chini ya keki, na keki imeinuka. Nimempigia Parsaoti, Jumamosi asubuhi atakuwa stendi ya Bisil, na amesema hata usiposhuka, atangoja mpaka jioni.

Laini ya tatu inakushukuru kwa mifuko isiyong'oka, kwa Jumatano, na kwa kupanda juu ya benchi lile. Mungu akupe miaka mingi na magoti ya kuitembelea. Sopa, Mama Melvin. Na kutoka kwangu mimi, asante kwa zile wiki mbili.